Mbwa Aliyemuuma Wavinya

Harufu ya slota ilitufikia kabla hatujaliona soko la Katangi. Slota lilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya saruji, nyuma ya maduka, ambako wachinjaji walichinja ng'ombe na mbuzi alfajiri. Sisi watoto tulipopita kwenda shule, kazi yao ilikuwa imekwisha na kilichobaki kilikuwa ile harufu: damu iliyoanza kukauka juani, samadi mbichi ya matumboni, kwato zilizobabuliwa motoni, na juu ya vyote hivyo vumbi jekundu la Yatta, ambalo mwaka ule liliingia hata ndani ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa tuliyokula jioni. Nyuma ya banda palikuwa na shimo la taka lisilo na ua wala kifuniko, na kando ya shimo hilo ndiko walikoishi mbwa. Hawakuwa mbwa wa mtu yeyote. Wengine walizaliwa palepale. Wengine walikuwa na wenyewe zamani, mpaka kiangazi kilipozidi na watu wakafunga nyumba zao wakaenda kutafuta vibarua Matuu na Athi River. Mtu akihama hubeba sufuria, godoro na kuku. Mbwa humwacha nyuma akiangalia gari linavyoondoka. Mbwa hao walikaa siku kadhaa mbele ya milango iliyofungwa, halafu njaa ikawaleta slota. Tulikuwa tukiwatambua kwa rangi na kwa vilema vyao, na hakuna aliyewaogopa sana. Ukiinama tu kama unayeokota jiwe, walikuwa wanatoka mbio.

Nilikuwa na miaka tisa, na njia hiyo nilipita kila siku na Wavinya. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa kayaba, ule wenye miiba mirefu, na tulikuwa tumetoboa pengo chini yake ambalo mama zetu walilikemea bila kuliziba. Wavinya alikuwa mfupi kuliko mimi na mwenye mbio kuliko wasichana wote wa darasa letu. Tulipocheza kati, ule mchezo wa kuukwepa mpira unaorushiwa, alibaki peke yake katikati huku sisi tuliokwisha kutolewa tukipiga kelele pembeni hadi kengele ilie. Baba yake alifanya kazi kiwandani Athi River na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mama yake, ambaye kila mtu alimwita Mama Wavinya kwa kuwa huyo ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye, aliuza nyanya na vitunguu sokoni. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye mzaha hata na wateja waliomkopa. Mimi sikutofautisha sana kati ya jikoni kwake na jikoni kwetu.

Asubuhi moja, karibu na lile shimo, tulimkuta mtoto wa mbwa amekwama kwenye mzizi wa mkonge. Alikuwa mweupe mwenye mabaka ya kahawia, na Wavinya akasema anafanana na chapati iliyogeuzwa vizuri kwenye kikaango. Basi jina likawa hilo, Chapati. Hatukwenda naye shuleni. Tulimficha ndani ya gunia nyuma ya kioski kilichofungwa, na jioni tulipotoka tukamkuta bado yupo, amelala. Mama Wavinya alipomwona mlangoni alijishika kiuno. “Aiya! Nyinyi mmetumwa shule mkaleta ngiti?” alisema, akitumia neno letu la Kikamba la mbwa. “Huyu akikojoa ndani ya nyumba yangu, mtalala nje wote watatu.” Lakini kabla ya jua kutua alikuwa amemmiminia maziwa kidogo kwenye kifuniko cha kopo na kumsogezea kwa mkono wake, akisema kwamba atakapokua atawalinda mbuzi. Wiki hizo ndizo ninazozikumbuka kama wakati mzuri wa kiangazi kile. Tulikuwa na njaa, ngozi zetu zilipasuka kwa ukavu, foleni ya maji kisimani ilikuwa ndefu, lakini tulikuwa na Chapati, aliyetufuata na kung'ang'ania pindo za sketi zetu kwa meno yake madogo kama sindano.

Siku moja Chapati hakutaka kula. Alijikunja chini ya kitanda, na sauti yake ilikuwa imebadilika, inakwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Wavinya alipoingiza mkono kumtoa, alimng'ata kidole, tena hakukiachia upesi kama alivyozoea kufanya akicheza. Mimi nilivuta kamba aliyofungwa shingoni, naye akageuka akanikwaruza kifundo cha mkono kwa meno. Kisha alitoka nje akayumbayumba kuelekea korongoni, udenda ukimtoka. Wachunga mbuzi walimkuta kesho yake chini ya mkonge, amekufa. Mama Wavinya alikisugua kidole cha bintiye kwa chumvi na kukifunga kwa kitambaa alichochana kutoka kwenye leso kuukuu. Alisema huenda kijibwa kilikula kitu kibaya, au kilikuwa na minyoo. Wavinya alilia kwa sababu ya Chapati. Hakulia kwa sababu ya kidole. Kidonda kilikuwa kidogo mno, na baada ya muda kikapona, kikaacha alama ambayo ungelazimika kuitafuta ili uione.

Zaidi ya mwezi ukapita. Mvua ilikuwa bado haijaja. Tukiwa darasani, Wavinya alianza kujikuna mkono, kwanza kidole, halafu kiganja, halafu mpaka kwenye kiwiko. “Kunaniwasha ndani, si kwa ngozi,” aliniambia. “Ni kama siafu wanatembea kwa mfupa.” Nilimpulizia, nikamsugua, tukacheka. Siku iliyofuata alikuja shuleni macho yamemwiva, akasema hakulala. Wakati wa mapumziko tulipewa uji, na Wavinya, ambaye hakuwahi kubakiza uji tangu nimjue, alikishika kikombe akakitazama tu. Mwalimu alidhani anaringa. Kisha nikampa kichupa changu cha maji, kwa sababu midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Alikifungua. Alipokipeleka mdomoni, shingo yake yote ilikakamaa, mishipa ikatokeza kama kamba, akakitupa kichupa kwa nguvu na kurudi nyuma akipiga ukelele. Maji yakamwagika vumbini. Mwaka ule hakuna mtoto aliyemwaga maji. Watoto wote walitazama ile alama nyeusi ardhini, na naona aibu kusema kwamba hata mimi kwanza nilitazama maji, ndipo nikamtazama Wavinya.

Mwalimu alinituma sokoni nikamwite mama yake. Nilikimbia mpaka ubavu ukanichoma. Tulirudi pamoja, Mama Wavinya akiwa bado na aproni ya kuuzia nyanya kiunoni, akambeba bintiye mgongoni kama mtoto mchanga hadi zahanati, na mimi nikafuata kwa sababu hakuna aliyeniambia nisifuate. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimpima joto, akamwangalia macho, kisha akaleta kikombe cha maji ili ampe kidonge. Wavinya alipokiona tu kikombe, kabla hakijamkaribia, mwili wake ulijinyonga vilevile kama shuleni. Muuguzi alikiweka kikombe chini polepole. Akachukua kipande cha karatasi ngumu, akampepea usoni mara moja, kidogo tu, na ule upepo peke yake ukamfanya Wavinya akabwe koo. Nilimwona muuguzi akibadilika uso. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima, aliyevaa sare, akiogopa.

“Mama, mtoto aliumwa na mbwa?” aliuliza.

“Hapana,” Mama Wavinya akajibu bila kusita. “Hajaumwa na mbwa. Wale wa slota hawajamgusa.”

“Fikiria vizuri, mama. Hata zamani kidogo.”

“Nakwambia hajaumwa. Mimi ni mama yake, si ningejua?”

Wakati huo nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikasema, “Lakini Chapati alimng'ata kidole.” Nilisema hivyo kama mtoto anayemsaidia mtu mzima kukumbuka kitu kidogo. Wote wawili waligeuka wakanitazama. Mama Wavinya alifungua mdomo akataka kucheka, kwa kuwa Chapati hakuwa mbwa, alikuwa Chapati. Akaanza kumweleza muuguzi kwamba hicho kilikuwa kijibwa tu, cha kuchezea, kilikuwa kinalala ndani. Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopungua, mpaka ikakatika katikati ya neno. Muuguzi aliketi kwenye benchi kando yake akamshika magoti. Sikusikia alichomwambia. Nilisikia tu jibu la Mama Wavinya: “Si mumdunge sindano sasa? Mdungeni. Si yuko hapa?”

Pikapu ya mfanyabiashara mmoja ndiyo iliyompeleka Machakos mjini, hospitali kubwa. Walipomlaza nyuma juu ya magunia, Wavinya alikuwa ametulia kidogo. Kichaa cha mbwa, nimekuja kujifunza, humwachia mtu nafasi za utulivu ambamo anakuwa mwenyewe kabisa, na huo ndio ukatili wake mkubwa. Alinitazama akasema, “Ndinda, kesho msigawane timu kabla sijafika.” Nikamwambia sawa. Alifariki kabla ya Jumapili. Baba yake alifika kutoka Athi River na viatu vya kazini, vyeupe kwa vumbi la saruji, akamkuta bintiye ameshafunikwa. Mimi niliambiwa na mama yangu nikiwa nachambua mahindi, na ninakumbuka kwamba niliendelea kuchambua. Sikulia siku hiyo wala siku ya mazishi. Nilikuwa nimepigwa na butwaa ambalo sikuwa na jina lake. Kitu chenye maziwa mdomoni, kitu tulichokibeba kifuani, kilikuwa kimemuua Wavinya tangu siku ile, na kwa wiki zote hizo tulizocheza naye kati alikuwa tayari anakufa bila mtu kujua.

Daktari wa mjini aliagiza kwamba yeyote aliyeguswa na kile kijibwa apelekwe haraka. Mama alinishika mkono akaitafuta ile alama kwenye kifundo, akaipata, akaketi chini sakafuni. Wenye kwenda wakawa wawili: mimi na Mama Wavinya, aliyemlisha Chapati kwa mkono uliochubuliwa na vikapu vya nyanya. Kwa kuwa mama yangu alikuwa na mtoto mchanga, mwanamke aliyetoka kumzika bintiye ndiye aliyenipeleka mjini, kila tulipotakiwa kurudi, kwa wiki kadhaa. Watu hawaamini ninapowasimulia. Alinifunga vifungo vya sweta, akanishika mkono barabarani, akaketi nami kwenye benchi refu nje ya chumba cha sindano. Siku ya kwanza alitangulia yeye. Alikunja mkono wa nguo, sindano ikaingia begani na kutoka, muda mfupi kuliko wa kumenya kitunguu. Aliitazama pamba iliyobandikwa hapo, akamuuliza muuguzi wa hapo, “Ni hii tu?”

“Ni hii, mama, na zile utakazorudia.”

“Hata yeye angepewa hii?”

Muuguzi alikuwa kijana. Angeweza kudanganya. “Angeletwa wakati ule alipoumwa, ndiyo. Kidonda kinaoshwa kwa maji mengi na sabuni, halafu mtoto analetwa,” alisema. Mama Wavinya aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha akanivuta mbele yake, akanikunjia mkono wa sweta, na sindano ilipokuwa ikiniingia ni yeye aliyefumba macho.

Nyumbani, hasira ilikuwa imekwisha kupata mahali pa kwenda. Chifu aliitisha baraza kwenye uwanja wa shule. Nilikaa chini na watoto wengine nikamsikiliza kila mzazi akisimama na kusema lile lile: mbwa wa slota wametuulia mtoto. Baba yangu, mkulima na mzee wa kanisa, mtu ambaye hakuwahi kumpiga punda wake, alisimama pia. “Mtoto amekufa,” alisema. “Tunangoja wafe wangapi?” Watu wakapiga makofi. Ikakubaliwa kwamba mwenye mbwa wake amfunge nyumbani, na wale wasio na mwenyewe watawekewa nyama yenye sumu. Mama Wavinya hakuwepo. Alikuwa bado ndani ya nyumba yake na akina mama wa kanisa. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Nami, sitaficha, nilifurahi. Nilitaka kitu kiadhibiwe.

Asubuhi yake tulikwenda shule kwa njia ile ile. Nilitarajia kuwaona mbwa wamelala kama wanaolala usingizi. Hivyo ndivyo nilivyoelewa neno sumu. Wengine walikuwa wamekufa tayari, miguu imenyooka kama ya meza iliyopinduliwa. Wengine walikuwa bado. Mmoja, yule jike mwenye sikio lililokatika tuliyezoea kumtupia maganda ya mihogo, alikuwa barabarani akitetemeka mwili mzima, akijaribu kusimama na kuanguka, na alipotuona alitikisa mkia. Hilo la mkia limenikaa mpaka leo. Kando yake alisimama mwanamume mwenye rungu, akimsubiri. Alikuwa kiongozi wa kwaya yetu, aliyetufundisha kuimba sauti ya pili. Alituambia kwa upole, “Piteni, watoto, piteni, msiangalie.” Tukapita. Nyuma yetu tulisikia pigo moja, halafu la pili.

Jioni nilifika nyumbani nikamkuta baba amechuchumaa nyuma ya jiko. Mbwa wetu, Bosko, mweusi, mzee, ambaye hakuwahi hata kukaribia slota, alikuwa mwisho wa mnyororo wake, amekufa, na mnyororo ulikuwa umemzunguka mara nyingi alivyojitupatupa. Mtu alikuwa amepita akitupa nyama juu ya ua wa kayaba bila kuuliza ni kwa nani. Kuku wetu wawili walikuwa wamelala karibu yake. Baba alijaribu kufungua ndoana ya mnyororo, vidole vikamshinda. “Walisema tuwafunge,” aliniambia, akinitazama kama anayetaka nimjibu. “Nilimfunga mimi mwenyewe. Si walisema tuwafunge?” Sikuwa nimewahi kumwona baba akiuliza swali ambalo hakujua jibu lake.

Siku iliyofuata ilikuwa ya sindano. Tuliporudi na Mama Wavinya tulishuka sokoni, na kwa kuwa alikuwa hajatoka nyumbani ila kwa safari hizo, na alfajiri tuliondoka gizani, hakuwa ameona lolote. Mbwa walikuwa wamevutwa na kutupwa ndani ya lile shimo, mmoja juu ya mwingine, na jua lilikuwa limeanza kazi yake. Wanaume wachache walikuwa wakiwamwagia mafuta ya taa ili wawachome. Mmoja wao alimwona akaja mbio, amefurahi, kama mtu aliyeleta zawadi. “Mama Wavinya, pole sana. Lakini ona, tumekulipizia.”

Alisogea mpaka ukingoni akatazama ndani. Nilidhani ataanguka. Alipozungumza hakupaza sauti, na watu wakasogea ili wamsikie.

“Mmelipiza kwa nani? Mbwa aliyemuuma mtoto wangu hayumo humu. Alikuwa kwangu. Nilimpa maziwa kwa mkono huu, akalala chini ya kitanda chetu. Nikaulizwa kama mtoto ameumwa na mbwa nikasema hapana, kwa sababu na mimi nilidhani mbwa ni hawa.” Akanivuta, akapandisha mkono wa sweta langu, kisha wake, ili waione pamba. “Leo tumedungwa sindano, mimi na huyu. Sindano hiyo ilikuwako. Ilikuwako siku ile nilipomfunga mtoto kidole kwa kitambaa. Hakuna aliyewahi kutuambia, na hakuna kati yenu anayeniambia hata leo. Mnaniletea mbwa waliokufa.”

Yule mwanamume alivua kofia. Mama Wavinya alinishika mkono tukaenda nyumbani, na njiani nilisikia pumzi zake zikitoka kwa mikupuo. Hakulia mpaka tulipofika kwenye pengo la ua. Hapo aliliona, lile tundu dogo la kupitia watoto, akaketi chini akalia.

Kabla mvua haijaja, slota lilikuwa na mbwa wengine. Walitoka ng'ambo ya barabara, kutoka vijiji vya jirani, kwa sababu shimo lilikuwa wazi na matumbo yalitupwa kila alfajiri. Watu walishangaa kana kwamba wamefanyiwa uchawi. Mama Wavinya hakushangaa. Alikwenda ofisi ya mifugo, akafukuzwa kwa maneno matamu, akarudi, akaambiwa mkubwa hayupo, akarudi tena na kikundi chake cha akina mama, wakaketi kwenye ngazi wakichambua maharage mpaka mkubwa akapatikana. Afisa aliyetumwa mwishowe alikuja na pikipiki na kikasha cha chanjo chenye barafu. Alituambia mambo mawili ambayo hata mtoto aliyaelewa: chanjeni mnaofuga, na fungeni shimo, kwa maana mbwa hufuata chakula, na mkiwaua hawa bila kufunga shimo mnawapisha wageni tu. Watu walikuwa na hofu kwamba huo ni mtego. Lakini mmoja mmoja, mbwa waliofichwa wakaanza kutoka: kutoka ghalani, chini ya vitanda, mmoja kutoka chooni akiwa amefungwa mdomo kwa soksi ili asibweke. Tungecheka kama siku zingekuwa nyingine. Baba alikwenda na jembe lake kuchimba shimo jipya, lenye mfuniko, na alichimba siku nzima. Kiongozi wa kwaya alichimba kando yake.

Sasa naishi Kyumbi, pale penye njia panda, kati ya nyumba za kupanga za watu wanaokwenda kazini kila siku Mlolongo na Nairobi. Hapa hakuna kiangazi kinachowahamisha watu. Huhama kodi inapopanda, na bado mbwa ndiye anayeachwa. Wengine huletwa na magari mazuri kutoka mjini, mlango hufunguliwa karibu na vibanda vya nyama choma, mbwa hushuka akidhani ni matembezi, gari huondoka. Wengi wana mikanda shingoni. Kwenye simu, katika kundi la wakazi wa mtaa wetu, mtu aliandika hivi karibuni: “Hawa mbwa wamezidi, si tuweke tu sumu?” Watu wenye digrii waliweka alama za dole gumba. Nilisoma nikiwa jikoni. Nilidhani sentensi ile ilizikwa zamani.

Wiki hiyo hiyo jirani yangu kijana, Mama Jayden, alinipigia hodi kuazima kiberiti. Nyuma yake alisimama mwanawe, mguu umefungwa kitambaa chenye harufu ya mafuta ya taa. “Ni kale kambwa ka caretaker,” alisema akicheka, akimaanisha mwangalizi wa nyumba zetu. “Hata si ka mtaani. Kamemng'ata kidogo tu wakicheza. Niko na dawa, nimempaka.” Nilimnyanyua mtoto nikamweka chini ya mfereji, nikamwosha kwa sabuni mpaka akalia na mama yake akaanza kunikasirikia. “Aki jirani, si unamuumiza?” Nilimwambia achukue sweta, tunaondoka. Alifuata, nadhani kwa kuogopa uso wangu kuliko kuogopa ugonjwa.

Katika hospitali ya kwanza, ile iliyokuwa karibu zaidi, mhudumu alitusikiliza vizuri kabisa. Alijua kila kitu. Kwenye ukuta nyuma yake palibandikwa karatasi kubwa yenye picha ya mbwa na maelezo ya kuosha kidonda, kwa Kiswahili safi. “Mmefanya vizuri kuja mapema,” alisema. “Lakini chanjo imeisha, madam. Jaribuni kwa chemist za mjini.” Nilimtaka arudie. Akarudia. Nilisimama pale mbele ya karatasi ile nikahisi tena lile butwaa la utotoni, safari hii nikijua linakotoka. Enzi za Wavinya sindano ilikuwepo na sisi hatukujua. Leo tunajua, imeandikwa hata ukutani, na sindano haipo.

Tulizunguka Machakos mjini, duka la dawa hadi duka la dawa, mtoto amelala begani kwa Mama Jayden. Tuliipata jioni, kwa mfamasia aliyekuwa tayari anashusha mlango wa chuma. Jayden alilia sana alipodungwa, nasi tukamwacha alie. Amebakiza sindano nyingine, na siku ya kila moja inapokaribia mimi na mama yake tunaanza asubuhi na mapema kupiga simu, huku na kule, kuuliza kama ipo.